Wapagazi wa Meza ya Saba

Mvua ya Barnsley haibishi hodi.
Saa tatu kasorobo niliegesha gari nyuma ya ukumbi wa kanisa,
nikashusha sanduku la spana, na ndani yake,
juu ya sifongo ya kuogea,
watu arobaini na wawili wamelala kifudifudi,
kila mmoja mrefu kama kidole gumba changu.

Maureen Hepworth akanigonga muhuri mkononi:
"Meza ya saba, mpenzi. Chai bure mpaka saa nne."
Nikakatiza karne kwa karne, mwavuli kwapani.
Warumi walikuwa wanavuka mto wa gundi;
wapanda farasi wa Poland, mabawa mgongoni, wakisubiri zamu;
na mzee mmoja amepiga magoti sakafuni
akitafuta kichwa cha jemadari kilichodondoka.

Meza ya saba ni kwetu.
Wewe ungeona mbao, futi sita kwa nne,
vumbi la matofali, nyasi za unga wa mbao zilizogundishwa,
mahali ambapo fahali wawili waweza kupigana mchana kutwa
na nyasi zisiumie.
Kikadi kilisema: Kusini mwa Rufiji, 1917.
Keith Oldroyd, fundi bomba mstaafu,
alikuwa ameupaka mto buluu.
"Keith, mto ule una rangi ya chai ya maziwa."
Aliguna, akachovya brashi kikombeni mwake,
akaupaka upya.

Kura ikaamua: mimi Mwingereza, yeye Mdachi.
Basi tucheke, twende.
Nikapanga askari kumi na wawili,
kisha nikafunua tabaka la chini.

Wapagazi thelathini. Miezi mitano ya usiku,
nikitoka zamu ya hospitali, brashi ya nywele tatu,
taa ya kusomea, redio kwa sauti ya chini.
Huyu kabeba unga. Huyu sanduku la risasi.
Hawa wawili, bafu la bati la afisa.
Huyu nimemfunga goti kitambaa cheupe,
kwa sababu bibi alisema babake alirudi hivyo,
na kila mvua ilipokaribia, goti lilijua kwanza.

"Wanafanya nini hawa?" Keith alifungua kitabu cha kanuni.
"Wanabeba."
"Wanapiga?"
"Wanabeba, Keith."
Kurasa mia na nane. Nyumbu wana jedwali lao.
Matope yana jedwali lao. Mizigo
ni kipande cha kizibo chenye herufi moja.

Nikawapanga njiani, mmoja mmoja,
kutoka ukingo wa meza hadi darajani,
mpaka mzinga wake ukakosa pa kupita.
Mjukuu wake, Callum, akainama, macho sawa na barabara.
"Huyu mwenye goti anaitwa nani?"
"Likwata."
Akalitamka vibaya mara mbili, ya tatu sawasawa.

Keith akaomba penseli. Pembeni mwa ukurasa wa arobaini akaandika,
kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ankara:
Bila mpagazi jirani, bunduki hailii.
Kufika saa nane bunduki zake zote zilikuwa bubu;
kizibo hakitembei.
Zangu nazo zikafuata: kila zamu, dadu ya homa,
ikiangukia moja au mbili namtoa mtu,
namlaza kwenye sahani ya keki.
Maureen akapita na buli. "Nani kashinda?"
"Hakuna aliyefika," alisema Keith.

Saa kumi na moja. Viti vinakunjwa, karne zinarudi maboksini.
Nikahesabu: arobaini na mmoja.
Nikahesabu tena. Likwata yupo. Wenye bafu wapo.
Aliyekosekana ni mmoja wa katikati,
nimempaka mwenyewe, macho, kucha,
na uso wake haunijii.
Yule mzee wa kichwa cha jemadari akashuka tena magotini,
Callum akawasha tochi ya simu.
"Alibeba nini?" Keith aliuliza toka chini ya meza.

Unga, nilisema.
Nadhani unga.